Mkaa wa Nashoni

Evarista alikuta donge la kichuguu katikati ya gunia, kubwa kama kichwa cha mtoto, limezungukwa na chenga. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa sita, baridi ya Uyole imekaza, na wateja wawili walikuwa wamesimama mbele ya banda lake wakisubiri kupimiwa. Aliliweka lile donge pembeni, akaendelea kumimina. Chini kabisa ya gunia akakuta vumbi tupu.

Alikuwa na miaka hamsini na minne, na kwa miaka tisa alikuwa ameuza mkaa pale pale nyuma ya soko, hatua chache kutoka barabara kuu. Alikuwa Mhehe wa Kalenga, na ndoa ndiyo iliyomleta Mbeya. Mumewe alikuwa fundi wa reli, wakaishi Iyunga, na alipofariki Evarista alihamia Uyole na binti yao Anjela, akaanza biashara kwa gunia moja. Aliuza kwa sado na kwa debe, akijaza mpaka kilele kisimame, na mama lishe wa stendi walimfuata yeye kwa sababu mkaa wake haukuwa na ujanja.

Kwa miaka mitatu mkaa huo ulikuwa umetoka kwa mtu mmoja ambaye hakuwahi kumwona. Magunia yalipanda na Fuso kutoka bonde la Usangu, kila moja limeandikwa NASHONI kwa wino mweusi, herufi ya S imegeuka nyuma mbele. Dereva wa Fuso hiyo, Isakwisa, Mnyakyusa asiyeishiwa maneno, alimwambia kwamba huyo Nashoni ni mzee wa Kisukuma anayekaa ndani sana, ng'ambo ya mashamba ya mpunga. Evarista hakuwahi kuuliza zaidi ya hapo.

Siku ile aliuliza. Akachukua namba kwa Isakwisa, akangoja wateja wapungue, akapiga.

Alikuwa ameyapanga maneno yake vizuri na aliyasema yote. Alisema kwamba miaka mitatu amekuwa akimsifia mtu asiyemjua, kwamba mama lishe watadhani yeye ndiye aliyetia udongo, kwamba mtu mzima hauzi kichuguu akakiita mkaa, na kwamba kwa Kihehe na kwa Kiswahili mtu wa namna hiyo anaitwa mwizi. Upande wa pili hakuna aliyemkatiza. Ilibidi aitazame simu kuona kama bado iko hewani.

"Mama," sauti nzito, ya taratibu, ikasema hatimaye. "Hilo gunia limeshonwa kwa kamba gani?"

Evarista alilivuta gunia tupu kwa mguu. "Ya bluu. Ya nailoni."

"Mimi sina kamba ya bluu. Nashonea magome ya mti."

Ndipo Evarista akakumbuka. Miaka yote ile midomo ya magunia ilikuja imefumwa kwa kamba za kahawia za magome, ambazo yeye alizikata na kuwashia nazo jiko asubuhi. Sasa alipofikiri, wiki kadhaa zilizopita alikuwa ametafuta cha kuwashia jiko akakosa, na hakujiuliza kwa nini. Hasira ilianza kumtoka, lakini neno mwizi lilikwisha kusemwa na hakujua namna ya kulirudisha. Akasema tu kwamba aliyeshona awe nani, jina lililoandikwa ni la Nashoni.

Nashoni alikubali kwamba hilo ni kweli. Akasema mzigo unaofuata ataupeleka mwenyewe. Evarista alijibu haya, akakata simu, wala hakutegemea kumwona.

*

Mambo ya upande wa Usangu alikuja kuyajua baadaye, kwa kusimuliwa na Nashoni mwenyewe.

Nashoni alikuwa na miaka hamsini na minane. Alifika Usangu akiwa kijana, akitembea nyuma ya ng'ombe wa baba yake kutoka Maswa. Ng'ombe walipungua mwaka hadi mwaka wakabaki wale wa kulimia na kukokota mkokoteni, naye akageukia mpunga wakati wa mvua na mkaa wakati wa kiangazi. Mkewe alikuwa amekufa miaka sita nyuma. Aliishi na mwanawe Makoye na mkwewe Mbuke.

Mkaa aliuchoma kama alivyofundishwa, bila haraka. Alipanga magogo, akayafunika kwa majani na udongo, akawasha, halafu akalilinda tanuri karibu wiki mbili, akiziba kila penye ufa, maana hewa ikiingia kwa wingi kazi yote inageuka majivu. Alikuwa na kovu la moto kutoka kiwiko mpaka kifundo cha mkono. Alisema kovu lile halikumuuma kama simu ya Evarista. Siku ile alirudisha ugali haujaguswa, na Mbuke akamuuliza kama kuna msiba.

Mzigo ulipokuwa tayari, magunia kumi na moja, waliupakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe na kutembea nusu siku mpaka barabara ya lami. Hapo palikuwa na banda la mtu aitwaye Jailos, ambaye kazi yake ilikuwa kuhifadhi magunia ya watu mpaka gari lipite. Siku zote Nashoni alishusha, akasalimia, akarudi zake. Safari hii alimwambia Makoye arudi na ng'ombe, naye akakaa juu ya magunia yake.

Jailos alimletea kiti. Baadaye akamletea chai. Mwishowe akamuuliza anangoja nini.

"Nakwenda Uyole," Nashoni akasema. "Kuna mama ameniita mwizi. Nataka anione sura."

Jailos aligeuza shingo. Nyuma yake, kwenye msumari, lilining'inia bunda la kamba ya bluu, na wote wawili wakawa wanalitazama. Walikuwa wamefahamiana miaka kumi na mitano. Nashoni alikuwa amecheza ngoma kwenye harusi ya Jailos. Baada ya muda Jailos alianza kueleza, bila kuulizwa, kwamba huwa anatoa kidogo tu kwa kila gunia ili apate moja la ziada, na kwamba ule udongo alitia mara moja tu, siku ambayo gari lilikuwa limekaribia na yeye hajamaliza kushona.

Nashoni alimwomba ile kamba. Jailos akaitungua, akampa. Nashoni aliitia mfukoni, akamalizia chai, akasema asante kwa chai. Hakumshitaki popote. Lakini tangu siku hiyo hakuna gunia lake lililoachwa tena kwenye lile banda.

Fuso ilipofika, kichwa kilikuwa kimejaa abiria, kwa hiyo Nashoni alipanda juu ya mzigo. Kwenye geti la maliasili alishuka kuonyesha kibali, akapanda tena. Alikuwa amevaa shati jepesi, maana Usangu kulikuwa na joto. Walipoanza kupanda mlima wa Inyala, ukungu ukawapokea, na upepo ukaingia kwenye shati lile kama vile halipo.

*

Evarista alikuwa anafagia mbele ya banda Fuso iliposimama. Isakwisa alishuka anacheka, akanyoosha kidole juu. Pale juu ya magunia alikaa mtu mrefu, mweusi kwa vumbi la mkaa kutoka kichwani mpaka miguuni, amejikumbatia, meno yakigongana.

Alikuwa amejiapia kwamba mtu huyo akija kweli, kitu cha kwanza kitakuwa kufungua magunia. Badala yake alijikuta amemshika mkono mzee asiyemjua, amemkalisha karibu na jiko, na amemvika koti zito la marehemu mumewe ambalo yeye mwenyewe alilivaa asubuhi za baridi. Alimpa chai ya tangawizi. Nashoni alikishika kikombe kwa mikono miwili na hakuweza kuongea mpaka chai ilipofika nusu.

Alipoweza, alisema wafungue magunia kwanza.

Evarista alichagua gunia. Nashoni alifumua kamba ya magome kwa vidole vilivyokufa ganzi, akamimina kwenye turubai. Mkaa ulilia kama vigae vikianguka. Vipande vilikuwa virefu, vizito, vingine bado vikionyesha mistari ya mti, na chini ya gunia chenga hazikujaza hata viganja viwili. Kisha akatoa mfukoni lile bunda la kamba ya bluu, akaliweka mezani, akaeleza lilikotoka.

Evarista aliisukuma ile kamba pembeni.

"Baba, nilikukosea," akasema. "Nilikuita jina baya. Naomba unisamehe."

"Ulikuwa na haki ya kukasirika, mayu," Nashoni akajibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Mimi mwenyewe ningekasirika. Ila sasa nina njaa."

Alimpeleka kwa Devotha, mama lishe wa stendi, ambaye alinunua mkaa kwake kila siku. Nashoni alikula wali na maharage sahani mbili. Lakini alipomaliza hakuondoka. Aliinama karibu na jiko la Devotha, akawa anatazama mkaa unavyowaka chini ya sufuria, mwekundu wote, bila moshi. Alitazama muda mrefu mpaka Devotha akamuuliza Evarista kwa sauti ya chini kama huyu ni bwana afya.

Nashoni alisema kwamba ameuchoma mkaa zaidi ya miaka ishirini na hajawahi kukaa akautazama ukipika chakula. Kwao wanapikia kuni. Mkaa wote unaondoka, hakuna anayebakiza hata debe moja la nyumbani. Siku zote alijua kwamba unakwenda mjini, basi, lakini huko mjini hakuwahi kuwaza sufuria wala mtu. Alisema maharage yalikuwa mazuri. Alilisema hilo mara mbili.

Alilala gesti karibu na soko. Asubuhi Evarista alipofika kazini alimkuta amekwisha kuchimba shimo, amenyoosha nguzo ya banda iliyokuwa imeinama tangu mvua za mwaka jana, na anashindilia udongo kwa mguu. Koti lilikuwa limekunjwa vizuri juu ya meza. Evarista alimwambia aende nalo, Inyala bado ipo. Akaenda nalo.

*

Baada ya hapo Nashoni alipiga simu kila mzigo ulipoondoka, kusema umeondoka. Halafu akawa anapiga tena kuuliza kama umefika. Halafu ikawa anapiga siku ambazo hakuna mzigo, na hapo aliuliza kama soko lina watu, kama mvua imenyesha huko, kama kifua kilichokuwa kikimsumbua Evarista kimepona. Evarista naye alimweleza habari za wateja, za padri mpya ambaye mahubiri yake hayaishi, za Kalenga na utoto wake kando ya mto Ruaha Mdogo. Alijua majina ya ng'ombe wote wanne wa Nashoni. Alijua kwamba Mbuke ni mjamzito kabla majirani zake Mbuke hawajajua. Yeye alimwita Nashoni baba Makoye, naye akamwita mama Anjela.

Anjela, ambaye alikuwa na saluni Iyunga na alikuja kwa mama yake kila Jumapili, aliona kwamba simu ikiita mama anatoka nje.

"Network ni nzuri huku nje," Evarista alisema.

Anjela aliuliza ni nani. Mama yake akamjibu kwamba ni mambo ya mkaa. Anjela aliendelea kumenya ndizi, kisha akasema kwamba hajui mkaa gani unaongelewa nusu saa nzima baada ya misa, huku mtu anacheka peke yake karibu na kamba ya nguo. Evarista alimwambia aangalie ndizi zake.

Ikaenda hivyo mwaka mzima na zaidi. Mara mbili Nashoni alikuja tena na mzigo, ingawa hapakuwa na sababu ya kuja, kwa kuwa sasa Isakwisa aliyachukua magunia moja kwa moja kutoka kwenye mkokoteni. Mara zote mbili alikuta nguzo au bati la kurekebisha. 

Kisha, mwezi wa tisa, Nashoni alipiga asubuhi, saa ambayo hakuwa na kawaida ya kupiga. Alimweleza kwamba kulikuwa na mkutano wa kijiji. Maofisa wa misitu walikuja, watu wakaongea siku nzima, na mwisho kijiji kikaamua kufunga msitu, hakuna kukata wala kuchoma kwa miaka mingi, mpaka miti irudi. Evarista aliuliza kama walilazimishwa. Nashoni akasema hapana. Yeye mwenyewe alisimama akaunga mkono, kwa sababu alipoanza kazi miti ya mkaa, mitundu na migunga, ilianzia nyuma ya nyumba yake, na sasa alikuwa anatembea saa tatu kabla hajapata gogo la kukata. Alisema ukweli ni kwamba wao ndio walioimaliza, na yeye ni mmoja wao.

"Yamebaki magunia saba," akasema. "Isakwisa atakuletea. Nashukuru sana kwa biashara, mama Anjela. Sitakusumbua tena na simu."

Evarista alisema haya, baba Makoye, asante na wewe, akakata. Akakaa kwenye kigoda chake na mteja akalazimika kumwita mara mbili.

Magunia saba yalifika. Aliuza sita. La saba alilisukuma nyuma, akalifunika na turubai, na kila aliyeuliza aliambiwa kwamba lina mwenyewe. Mkaa mwingine aliununua kwa watu wa upande wa Chunya, wenye vibali vyao, na haukuwa mbaya. Simu haikuita. Siku ya kwanza alijiambia kwamba mtu ana kazi zake. Siku ya pili aliikagua simu kama ina chaji. Siku ya tatu alimkaripia Devotha bila sababu, Devotha akalipa sado yake, akaondoka.

Siku ya nne alipiga yeye.

"Baba Makoye," akasema, hata salamu hakutoa. "Kwani simu yako ilikuwa inatumia mkaa?"

Akamsikia Nashoni anacheka, akacheka mpaka akakohoa, na nyuma yake sauti ya Mbuke ikauliza kuna nini.

"Niliona bila mkaa sina sababu ya kukupigia," akasema alipopata pumzi.

"Tafuta nyingine."

"Nikiitafuta, mayu, itakuwa sababu kubwa."

Evarista aliangalia huku na huku sokoni, kama vile kuna mtu anayeweza kusikia. "Mimi sina haraka," akasema. "Lakini usichukue siku nne tena."

*

Mwezi uliofuata alishuka Usangu na Anjela. Mbuke aliwapokea kwa magoti, mtoto mgongoni, akampikia Evarista kuku na hakumruhusu kushika hata mwiko. Jioni, jua likiwa bado juu ya mashamba ya mpunga yaliyovunwa, Nashoni aliwapeleka kwenye mojawapo ya matanuri yake ya zamani. Palikuwa na duara la ardhi nyeusi, na pembeni yake visiki, na kwenye visiki vile machipukizi yalikuwa yamefika kiunoni mwa mtu. Aliyashika moja moja. Anjela alimwambia mama yake walipokuwa wanarudi kwamba hakuwahi kuona mtu anayesalimia miti.

Kalenga, kwa ndugu zake Evarista, yeye na Nashoni walikwenda kabla ya mvua, kusema kwamba wanataka kuoana. Kaka mkubwa wa Evarista, Liberatus, mkulima wa vitunguu na mzee wa kanisa, aliwapokea kwa kamwene, salamu ya Kihehe, lakini kwa uso mkavu. Hakupendezwa. Aliona dada yake ni mtu mzima aliyekwisha kuolewa, ambaye sasa kazi yake ni kungoja wajukuu, na mwanamume mwenyewe ni Msukuma wa kanisa jingine asiye na kazi ya kueleweka. Alimuuliza Nashoni maswali mengi, naye akayajibu yote kwa ukweli, hata lile la ng'ombe, kwamba ni wanne tu na wanazeeka. Liberatus alitoka kwenda kuangalia pampu ya maji iliyokuwa imegoma, na Nashoni akamfuata. Walikaa huko muda mrefu. Evarista alipowafuata, aliwakuta wote wawili wamelala kifudifudi kwenye tope, Nashoni ameingiza mkono kwenye bomba mpaka begani, na Liberatus anamshikia miguu. Walirudi ndani wamelowa, wakala pamoja. Hakuna aliyesema kwamba jambo limekubaliwa, lakini Liberatus alianza kumwita shemeji.

Padri alitaka barua, na mchungaji wa Nashoni naye akataka barua, na barua zikachukua miezi. Nashoni alisema vibali vya ndoa ni vingi kuliko vya mkaa. Walifunga ndoa baada ya Pasaka, watu wachache tu, na Devotha ndiye aliyepika.

Siku hizi wanakaa Uyole wakati wa kiangazi na Usangu wakati wa mvua. Uyole, Evarista anauza mkaa wa Chunya na mchele wa Nashoni, naye Nashoni anakaa kando, amejifunika, akikagua magunia ya watu wengine kwa ukali ambao Isakwisa anausimulia mpaka Tukuyu. Baridi hajaizoea na hasemi kwamba ataizoea.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, mvua zilipokaa sawa, Evarista aliingia jarubani kwa mara ya kwanza kupandikiza mpunga. Maji yalimfika nusu ya goti. Mbuke alikuwa upande wa kulia, akienda upesi, mstari wake umenyooka. Wa Evarista ulipinda kushoto, ukarudi kulia, ukapinda tena. Nashoni, aliyekuwa kwenye tuta anagawa miche, aliutazama, akafungua mdomo, kisha akaona ni afadhali aufunge.

"Sema," Evarista akamwambia.

"Unaota popote ulipo, huo," Nashoni akasema. "Mpunga haujali."

Mbuke aligeuka, akatazama ule mstari, akaanza kucheka, na Evarista naye akacheka, tope likiwa limemrukia mpaka mashavuni. Kisha akanyoosha mkono apewe bunda jingine la miche, akainama.